Kosa Linalokuja na Kuondoka

Kosa la kudumu ni kosa rahisi. Redio iliyokufa imekufa: unaifungua, unafuata umeme kuanzia kwenye plagi hadi pale ulipokwama, unabadilisha kilichoungua, unafunga. Kinachomtoa fundi jasho ni kifaa kinachofanya kazi. Unachomeka memori kadi kwenye laptopu, inatambulika, folda zinafunguka, picha zinaonekana. Unaanza kukopi, na kabla hujafika nusu kompyuta inatoa ule mlio wake wa kuaga na kadi haipo. Unaichomoa, unaipuliza, unairudisha: hiyo hapo, haina habari. Unampelekea fundi, na mbele yake inakopi kila kitu bila kusita. Ni homa ya vipindi hii, inayomtetemesha mtu usiku kucha halafu ikamwachia alfajiri, akafika zahanati mzima wa afya na kuonekana anatafuta cheti cha kukwepa kazi.

Nataka kuusifu ufundi wa kulikamata kosa la namna hiyo. Haujasifiwa vya kutosha, na nadhani ni kwa kuwa hauachi kitu cha kuonyesha. Seremala huacha kiti, mshonaji huacha gauni. Fundi aliyegundua kwa nini kadi inajikata huacha kadi ileile na laptopu ileile, pamoja na mteja anayejiuliza kwa nini atoe elfu kumi kwa kitu ambacho, machoni pake, hakikuguswa.

Sisi wengine tukipatwa na kosa kama hili tunataka likome. Ndiyo maana tunapuliza, tunatikisa, tunazima na kuwasha, tunabadilisha tundu la USB na waya na mkao wa meza kwa wakati mmoja. Kosa likikoma, hatujui ni kipi kilicholikomesha. Fundi anataka kinyume chake. Anataka kosa lije. Anataka ajue kuliita likaitika, leo na kesho, kwa ishara ileile. Kosa linalokoma lenyewe hurudi lenyewe, na kwa kawaida huchagua siku ya harusi.

Fundi ninayemwandika hapa yuko Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Aggrey, ambako kila mlango umebandikwa kava za simu hadi juu. Ungekuwa Nairobi ungemtafuta mtu kama yeye Luthuli Avenue. Meza yake haizidi upana wa mlango. Juu yake kuna laptopu kuukuu inayotumia Linux, chupa ya spiriti ya kusafishia, kioo cha kukuzia, rida za kadi za aina tatu nne, na daftari la shule lenye mistari. Huwa napita hapo nikiwa sina shida yoyote, nakaa kwenye stuli ya wateja na kuangalia.

Siku moja aliingia kijana anayerekodi video za harusi. Amebeba kadi yenye sendofu ya Jumamosi, na uso wa mtu aliyekwisha kupigiwa simu na mama wa binti.

“Fundi, hii kadi inajikata.”

“Inajikata ikiwa imetulia, bosi, au ikiwa kazini?”

“Inajikata tu.”

“Tu ya namna gani?”

Kijana alitaka kucheka, akaona mwenzake hatanii. Swali lile lilikuwa na uzito kuliko bisibisi zote zilizokuwa kwenye droo.

Kadi inayopotea ikiwa imetulia, umeiacha ukaenda kunywa chai, mara nyingi haina ugonjwa wowote. Windows ina mpangilio wa kubana umeme unaoiruhusu kompyuta kukizima kifaa cha USB kisichotumika, na rida nyingi zilizojengwa ndani ya laptopu, ingawa huoni waya, zimeunganishwa kwa USB. Rida inalazwa, draiva inashindwa kuiamsha, kadi inahesabiwa kuwa imeondoka. Dawa ni kuondoa alama moja ya tiki kwenye mipangilio ya kifaa hicho, au kupata draiva sahihi kutoka kwa waliotengeneza laptopu. Hapo kazi imekwisha, na fundi mwaminifu atakutoza bei ya soda.

Kadi inayopotea ikiwa kazini ni habari nyingine, na inaleta swali la pili: inapotea kwenye faili lilelile kila mara, au popote? Ikiwa ni palepale, kumbukumbu yenyewe ina jeraha. Ikiwa ni popote, njia ndiyo mbovu, yaani pini, adapta, tundu au waya. Kisha la tatu: inapotea baada ya muda gani? Ikihitaji dakika kadhaa za kukopi mfululizo, joto na umeme vinaingia kwenye washukiwa. Kadi hula umeme zaidi inapofanya kazi nzito, na tundu la USB 2.0 halikuahidi zaidi ya miliampia 500. Ukichomekea hapo kigawanyio chenye rida, kipanya na feni ya mezani, hizo hizo zinagawanywa. La nne humshangaza kila mteja: laptopu ilikuwa mezani au mapajani?

Hakuna hata moja kati ya maswali hayo linalouliza kadi ina nini. Kila moja linakata orodha ya sababu sehemu mbili na kutupa sehemu moja. Fundi hajagusa kitu, na tayari ameachana na mambo ambayo mimi na wewe tungeyahangaikia mchana kutwa.

Maswali haya yana adui mmoja, naye ni aibu. Mteja hasemi kwamba kadi ilidumbukia kwenye soda, wala kwamba binamu yake alishajaribu kuifomati, wala kwamba aliinunua kwenye foleni ya magari kwa bei iliyomshangaza mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa kinachokufa ni sherehe ya mtu mwingine. Fundi wetu haulizi “ulifanya nini?” Anauliza, “Mara ya mwisho ilipofanya kazi vizuri ilikuwa kwenye kifaa gani?” Swali halina lawama ndani yake, na kijana akamwaga yote: ilianza kwenye kamera vizuri, ikaenda kwenye laptopu yake ndani ya adapta aliyoazima kwa rafiki, ikajikata, akaihamisha tundu, ikajikata tena, kisha Windows ikamwambia lazima aifomati kabla ya kuitumia.

“Ukafanyaje?”

“Nikakataa.”

“Hapo umeokoa nusu ya kazi.”

Ujumbe ule wa kufomati umemaliza picha za watu wengi kuliko maji na moto. Unakuja na sauti ya daktari aliyekwisha kupima, ilhali hakuna kilichopimwa. Maana yake ni moja tu: kompyuta imeshindwa kusoma jedwali linaloeleza faili gani liko wapi. Huenda jedwali ni bovu, huenda pini ni chafu. Ukikubali, jedwali jipya tupu linaandikwa juu ya la zamani.

Kijana, akiwa amepata moyo, akajitetea. “Lakini kompyuta inaiona, fundi. Ingekuwa mbovu si isingeonekana?”

Utetezi huu hutolewa na kila mtu, na kwangu ndio mlango wa kuingilia sehemu tamu kuliko zote ya jambo hili. Kadi ya SD ilitangazwa mwaka 1999 na kampuni tatu, SanDisk, Matsushita na Toshiba. Ile ya asili ina pini tisa. Mdogo wake microSD, mwenye milimita 15 kwa 11, ana nane. Inapoamshwa haianzi mbio. Kanuni zake zinaamuru mazungumzo ya mwanzo yaende polepole, kwa mapigo yasiyozidi 400,000 kwa sekunde, na data ipite kwenye njia moja tu. Hapo kadi inajitambulisha: imetengenezwa na nani, ina ukubwa gani, inaweza mwendo gani. Wakishakubaliana ndipo njia nne za data zinafunguliwa, mapigo yakapanda hadi milioni 25, hadi milioni 50, na kwa kadi za kundi la UHS-I hadi milioni 208 kwa sekunde, huku volti za ishara zikishushwa kutoka 3.3 hadi 1.8.

Kwa hiyo kadi yenye pini moja chafu inaweza kujitambulisha bila kasoro, kwa kuwa pini ile ilikuwa haijaitwa kazini. Inapoitwa, mambo yanabadilika. Kila fungu la data linafika likiwa na hesabu ya uhakiki. Hesabu isipolingana, rida inaomba tena, na tena, mpaka inakata tamaa na kuianzisha kadi upya. Wewe unachosikia ni mlio wa kuaga. Fundi hakumweleza kijana yote haya. Alimwambia, “Kuonana siyo kuzungumza, bosi,” akaendelea na kazi yake, na mimi ndiye niliyebaki kwenye stuli nikilitafuna lile neno.

Huku pwani pini hizi zina kazi ya ziada. Unyevu wa Dar es Salaam, wa Tanga, wa Mombasa, wa Unguja, unakuja na chumvi yake. Dhahabu iliyopakwa kwenye pini ni utando tu. Ukikwaruzika, chuma cha chini kinaanza kuliwa taratibu. Ndipo tunapopuliza kwa mdomo na kuongeza mate juu ya chumvi. Watu huapa kwamba kupuliza kunasaidia, na hawasemi uongo, ila kinachosaidia ni kule kuchomoa na kuchomeka, ambako kunazikwangua pini kidogo na kuzipa mguso mpya. Fundi huyu hutumia spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, anapangusa mara moja kwa upande mmoja, anasubiri ikauke. Mafundi wengine hutumia kifutio cha penseli. Yeye hakipendi, kwa sababu kinachong'arisha leo kinamaliza dhahabu kesho, nami niko upande wake. Wanaotumia msasa sina la kuwaambia.

Na ile laptopu ya mapajani? Ndani ya matundu mengi ya kadi kuna swichi ndogo ambayo kadi huibonyeza inapoingia. Kompyuta hujua kadi imetoka kwa kuisikiliza swichi hiyo, wala haiulizi kadi yenyewe. Swichi ikilegea, mtikisiko wa goti unatosha kutangaza kwamba kadi imeondolewa, nayo imekaa palepale haijasogea hata unywele. Mteja ataapa kwamba kadi ni mbovu. Atanunua nyingine. Na hiyo nayo itajikata.

Sasa ndipo ufundi unapogongana na wenyewe. Nimesema fundi anataka kosa lije. Lakini kadi iliyo mkononi mwake ina sendofu ya watu, na kila inapojikata katikati ya kuandikwa, lile jedwali la faili linaweza kubaki limeandikwa nusu. Kadi zisizozidi GB 32 kwa kawaida hutumia mfumo wa FAT32, ambao huweka nakala mbili za jedwali. Zilizo kubwa kuliko hapo hutumia exFAT, na hiyo kwa kawaida huwa na nakala moja. Kuliita kosa huku kadi ya mteja ikiwa ndiyo chambo ni kuchezea mali ya watu. Anayejali kosa pekee atasema tuanze. Anayejali kadi pekee atakopi anachoweza na kukurudisha nyumbani na kosa lako. Ubora wa fundi huyu uko katika kuyashika yote mawili na kujua lipi linatangulia. Kwanza anaokoa. Akishaokoa, ndipo anapokuwa mkatili.

Adapta aliiweka pembeni bila kuihukumu. Adapta ya microSD haina akili yoyote ndani yake, ni nyaya fupi zinazotoa pini nane huku na kuzipeleka kule, na kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko vyote kuibadilisha, ndiyo inayotolewa njiani mwanzo. Alichukua rida inayopokea microSD moja kwa moja. Ingekuwa kadi kubwa ya SD, angekisogeza kwanza kile kifungio cha pembeni kinachozuia kuandika. Hicho nacho kina kichekesho chake: ni kipande cha plastiki tu, kadi yenyewe haijui kwamba kipo, ni rida inayokigusa na kuamua kukiheshimu. MicroSD haina hata hicho. Kwa hiyo laptopu ile ya Linux aliipangia zamani isifungue kadi yoyote kwa hiari yake. Kadi inachomekwa, inabaki imefungwa, hakuna herufi moja inayoandikwa juu yake. Nimewaona wateja wakikasirika hapo wakidhani kompyuta ya fundi ni mbovu, kwa sababu hakuna dirisha linalofunguka.

Kisha akaita programu ya GNU ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Diaz Diaz, ambayo kwa kadi inayojikata siijui nyingine inayoizidi. Haikopi faili, inakopi kadi nzima, baiti kwa baiti, hadi kwenye faili moja kubwa la taswira. Uzuri wake uko kwenye tabia. Inaanza na sehemu zinazosomeka kwa urahisi, ikikutana na ugumu inaruka na kusonga mbele, na muda wote inaandika ramani ya ilipofika na ilipokwama. Kadi ile ilijikata katikati, kama ilivyozoea. Fundi hakushtuka. Aliichomoa, akaiacha ipoe juu ya meza, akamsalimia mama mmoja aliyekuja na simu yenye kioo kilichopasuka (“Shikamoo mama, nipe dakika moja tu”), akairudisha, na programu ikaendelea kutoka pale ramani iliposema. Mtu anayekopi kwa kuburuta folda angeanza upya, na kuanza upya ndiko kunakoichosha kadi ambayo tayari imechoka.

Mwishoni zilibaki sehemu chache zisizosomeka. Akaiambia programu izifuate kinyumenyume, kutoka mwisho kwenda mwanzo, na baadhi zikakubali. Zilizobaki aliziacha. Kujua pa kuachia nako ni sehemu ya kazi: kila jaribio la ziada ni mzigo juu ya kadi, na kuna mahali ambapo unachotafuta hakilingani na unachohatarisha.

Kadi ikawekwa kando, kazi ikahamia kwenye nakala. Jedwali lilikuwa limeharibika kama ilivyotarajiwa, kwa hiyo ikaja PhotoRec ya Christophe Grenier, ambayo hailitegemei jedwali. Inapita kwenye data yenyewe ikitafuta mwanzo wa kila aina ya faili. Picha ya JPEG, kwa mfano, hutambulika kwa baiti zake tatu za kwanza, FF D8 FF. Majina ya faili yanapotea, tarehe za folda zinapotea, lakini sura za watu zinarudi: wajomba, keki, mstari wa akina mama wenye vitenge sare. Video ni ngumu zaidi kidogo. Kamera nyingi zikirekodi MP4 huandika mwishoni kabisa ile sehemu inayoeleza jinsi ya kuicheza, na kamera ikizimika kabla ya hapo unabaki na faili zito lisilofunguka. Kijana alikuwa na bahati, kamera yake ilimaliza kazi kila mara; lililoharibika lilitokea baadaye, kwenye laptopu.

Nakala ikahifadhiwa mahali pawili. Fundi akafungua ukurasa mpya wa daftari, akachora mistari, akasema kwa sauti ya mtu anayekaribia kula, “Haya, sasa tuliite.”

Ningependa wanafunzi wetu wa sayansi waione saa iliyofuata. Kadi ya fundi, nzima, isiyo na kitu, ikaingia kwenye adapta ya kijana, adapta ikaingia kwenye laptopu ya kijana. Akaanza kukopi faili kubwa. Akaigusa adapta kwa ncha ya kalamu. Mlio wa kuaga. Akarudia, mlio. Kadi hiyohiyo kwenye adapta nyingine, tundu lilelile: kimya, inakopi, hata alipoigusa na kuinyanyua laptopu. Adapta mbovu kwenye laptopu ya Linux: inajikata. Kila mara alibadilisha kitu kimoja tu, akaandika, akakirudisha kilipokuwa, ndipo akabadilisha kingine. Ni kazi inayochosha kuitazama, na majaribu ya kubadilisha viwili kwa mpigo ni makubwa, hasa mteja akiwa anaangalia saa. Sikumwona akifanya hivyo hata mara moja.

Kwenye kioo cha Linux aliacha wazi kumbukumbu za mfumo, zile zinazoandika kila kinachotokea pamoja na wakati wake. Hapo kuna tofauti ambayo mlio hauwezi kukupa. Mstari ukisema kifaa cha USB kimeondoka, basi rida nzima imeanguka, utafute waya, umeme au tundu. Mistari ikilalamika kwamba kusoma kumeshindikana ilhali rida bado ipo, basi tatizo liko ng'ambo ya rida, kwenye kadi au mguso wake. Windows nayo huandika mambo yake. Tukio namba 157 ndilo linalosema diski imeondolewa ghafla. Watu wengi humiliki kompyuta miaka kumi bila kujua kwamba inatunza shajara.

Adapta ilikuwa na hatia, na ushahidi ulikuwa daftarini. Fundi mwingine angepokea pesa yake hapo. Huyu aliirudia ramani ya ddrescue. Kadi ilisomwa bila ile adapta, kwa rida nzuri, na bado ilijikata. Na sehemu zisizosomeka zilikuwa palepale kila alipozirudia. Kosa la pili lilikuwa limejificha nyuma ya la kwanza. Hili ndilo ninalolistahi kuliko yote: mtu aliyekwisha kupata jibu, jibu zuri, linalomridhisha mteja, halafu akaona kuna jambo dogo ambalo jibu hilo halilielezi.

Kosa hilo la pili lilielekea kuwa kwenye kumbukumbu ya kadi yenyewe. Kumbukumbu ya aina hii, inayoshika data bila umeme, tunaidai kwa Fujio Masuoka wa Toshiba, aliyeieleza hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1984 na kuja na ile aina ya NAND, iliyomo kwenye kadi zetu, mwaka 1987. (Baadaye aliwashtaki waajiri wake akidai haki yake ya uvumbuzi, kesi iliisha kwa maelewano mwaka 2006, kwa yeni milioni 87. Wavumbuzi na mafundi wanashiriki malipo ya namna moja.) Data yake ni chaji za umeme zilizonaswa ndani ya vyumba vidogo mno, na kila chumba kina idadi ya kufutwa ambayo hakiwezi kuivuka. Kinachofanya tusilione hilo ni kwamba ndani ya kila kadi mna kompyuta ndogo inayoisimamia. Andrew Huang na Sean Cross walionyesha Hamburg, Desemba 2013, kwamba kompyuta hiyo inaweza hata kupewa programu mpya. Kazi yake ya kila siku ni ya unyenyekevu: kugawa maandishi ili vyumba vichakae kwa usawa, kuhamisha data kutoka mahali pabovu kwenda mahali pa akiba, kurekebisha biti zilizokosea. Inaficha uzee wa kadi kwa uaminifu mkubwa, mpaka akiba inapokwisha. Siku hiyo inapofika kadi haitoi taarifa. Inajikata tu.

Kilichobaki kilikuwa kuhakikisha. Fundi aliiandika kadi yote kwa programu ya F3, ambayo huijaza data inayojulikana kisha kuisoma tena na kulinganisha. Kwanza inakamata kadi za uongo, zile zinazotangaza GB 64 zikiwa na nane, ambazo hupokea kila unachozipa na kutupa kinachozidi. Kadi ya kijana haikuwa ya uongo. Ukubwa ulikuwa wa kweli. Ila kulikuwa na maeneo ambayo kilichoandikwa hakikurudi kama kilivyokwenda.

“Adapta imekufa,” fundi akamwambia, “na kadi inazeeka. Usirekodie harusi ya mtu tena.”

“Lakini inafanya kazi.”

“Inafanya.”

Kijana akawaza. Alilipa bila kubishana, jambo ambalo Kariakoo ni la kuandikwa, akapokea diski yenye sherehe yake, kisha akanyoosha mkono. “Basi nipe hiyo kadi, shemeji ana bajaji, ataweka nyimbo.”

Fundi akampa. Adapta hakumpa. Aliivunja vipande viwili mbele yake na kuitupa kwenye ndoo, kwa sababu katika mtaa ule kitu kibovu kisichovunjwa huuzwa tena kabla ya saa kumi.